Laini Ilikuwa kwa Jina Langu: Kasino za Mtandaoni Zisizo na Leseni na Kesi Zinazokuja Nazo

Simu iliingia saa nne asubuhi, Jumatano, nikiwa kibandani kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, namhesabia mteja noti. Namba ngeni. Mwanaume mwenye sauti ya upole akataja majina yangu matatu, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho changu cha taifa, akauliza kama ni mimi. Nikaitika. Akasema anapiga kutoka kituo cha polisi, akaomba nifike saa nane mchana na simu zangu zote na kitambulisho. Nikamuuliza, "Afande, kwani kuna nini?" Akajibu, "Njoo tu, dada. Ukifika tutaongea."

Mimi ni wakala wa huduma za pesa kwa simu, huu mwaka wa sita. Nilichodhani ni kwamba kuna mteja katapeliwa, pesa zikapitia kibandani kwangu, na mimi naitwa kutoa ushahidi. Nikafunga kibanda saa saba, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumsaidia huyo mteja.

Kituoni niliwekewa karatasi mbele yangu. Orodha ya miamala, kurasa nne. Juu kabisa jina langu, namba yangu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na namba ya simu ambayo ilibidi niitazame kwa muda ndipo nikaikumbuka. Ni laini niliyomsajilia mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne, wakati namba yake ya NIDA haijatoka. Alihitaji laini ya kutafutia kazi. Nikaweka kidole changu kwenye kile kifaa cha alama za vidole, laini ikawa hewani, nami sikuiwaza tena. Sasa karatasi inaonyesha kwamba ndani ya siku kumi na tisa zimeingia humo shilingi 4,370,000, kutoka kwa watu wa Singida, Manyoni, Tabora, mpaka Mwanza. Kila zikiingia, hazikai hata robo saa, zinatoka kwenda namba nyingine. Mmoja wa waliotuma, mama wa Manyoni, alikuwa amekwenda polisi kulalamika kwamba ametapeliwa.

"Hizi pesa ni za nini?" afande akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba laini hiyo anayo mdogo wangu, na kulisema hilo ni kumpeleka ndani mtoto wa mama yangu kwa kinywa changu mwenyewe.

Kibandani vijana huniuliza swali moja kila mara, hasa wale wa bodaboda na wanafunzi wanaoshuka kutoka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kuja kutoa pesa: dada, mtu akicheza kasino ya mtandaoni isiyo na leseni anafungwa? Wanalitaka jibu la ndiyo au hapana. Zamani nilikuwa nawaambia mwenye kesi ni mwenye kasino, wewe mchezaji utaliwa hela zako tu. Jibu hilo nimelifuta. Linakosea pale mtu anapoumia zaidi.

Nieleze kwanza mdogo wangu aliingiaje. Alianza kama wengi: mkeka, yaani ubashiri wa mechi za mpira za Jumamosi, kwenye kampuni yenye leseni, duka lake lipo barabarani na bango lake linaonekana. Shilingi 500, shilingi 1,000. Halafu kindege, ule mchezo wa kubahatisha wa kwenye simu. Halafu akaunganishwa kwenye kundi moja la Telegram ambako kila asubuhi mtu anaweka picha za ujumbe wa pesa zilizoingia: laki tatu, laki tano, milioni. Humo ndimo alipopewa kiungo cha kasino. Imeandikwa Kiswahili kizuri tu, ina bendera ya Tanzania pembeni, inatoa bonasi ya kumkaribisha mgeni. Kwa chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, imeandikwa kwamba ina leseni ya Anjouan.

Nilipoionyesha kwa msaidizi wa kisheria aliyenisaidia baadaye, aliniuliza kama najua Anjouan ni wapi. Ni kisiwa cha Komoro, wenyewe hukiita Nzwani. Kasino nyingi za mtandaoni hujitambulisha kwa leseni ya huko au ya Curaçao, kisiwa cha bahari ya Karibi. Karatasi inaweza kuwa ya kweli kabisa huko ilikotolewa. Lakini hapa kwetu anayetoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, na kuanza kazi mwaka 2003. Kasino ya mtandaoni inahitaji leseni ya Bodi kama inavyoihitaji kasino yenye jengo na mlinzi mlangoni. Orodha ya waliopewa leseni iko wazi kwenye tovuti ya Bodi. Usiitafute leseni kwenye ukurasa wa kasino wenyewe. Nembo ya Bodi inanakiliwa na mtoto wa darasa la saba kwa dakika mbili. Nenda kwenye orodha ya Bodi, tafuta jina la kampuni, kisha linganisha anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa sababu wapo wanaochukua jina la kampuni inayojulikana wakabadilisha herufi moja.

Mdogo wangu aliweka 20,000. Usiku mmoja salio likafika 640,000. Alipotaka kutoa, akaambiwa akaunti haijathibitishwa, atume picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na picha yake akiwa amekishika karibu na uso. Akatuma. Kisha akaambiwa alipe kwanza kodi ya TRA, mamlaka ya mapato, asilimia 15, shilingi 96,000, ndipo mzigo ufunguliwe. Akalipa. Ikaja ada ya kufungua akaunti. Ikaja faini ya kuchelewa kulipa ada. Kufikia hapo alikuwa ametumia shilingi 380,000 ambazo baba alimpa akanunue dawa ya ubwiri, ugonjwa wa ukungu, kwa ajili ya zabibu zetu Mpunguzi. Wenye mashamba ya zabibu wanajua dawa ikichelewa wiki mbili wakati wa unyevu kinachotokea.

Hapo kwenye kodi naomba nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapoliwa. Kampuni yenye leseni hapa nchini inakata kodi ya ushindi yenyewe, kabla pesa haijakufikia, na yenyewe ndiyo inaipeleka TRA. Mchezaji hatumi kodi. Hakuna mtu wa TRA anayekusubiri umtumie pesa kwenye namba ya mtu binafsi ili ushindi wako utoke. Ukiona tu sentensi "lipa kodi kwanza ndipo utoe", ujue lile salio unaloliona ni tarakimu zilizoandikwa kwenye skrini, na hazijawahi kuwa pesa.

Haya, umeliwa. Unakwenda wapi? Mwenye kucheza kwenye kampuni yenye leseni akidhulumiwa anayo Bodi ya kulalamikia, na Bodi inamshika yule mwenye kampuni kwa leseni yake. Mdogo wangu hakuwa na hilo. Kampuni haina ofisi, haina mkurugenzi anayejulikana, haina leseni ya kufutwa. Na mahakamani mlango ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano ya kuwekeana dau ni batili, na huwezi kufungua shauri kudai ulichoshinda kwenye dau hilo. Sheria hiyohiyo inasema makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria ni batili. Kwa hiyo zile 640,000 huwezi kuzidai kama mshahara au deni la mahindi. Ulichonacho ni malalamiko ya jinai ya kutapeliwa, ambayo ni haki yako na ninasisitiza uyapeleke. Lakini ukiyapeleka, utaulizwa ulikuwa unafanya nini huko, na utatakiwa kueleza yote.

Sasa nifike kwenye kilichonifikisha mimi kituoni.

Kampuni isiyo na leseni haiwezi kwenda kwenye mtandao wa simu au benki kuomba namba ya malipo ya biashara ya kasino. Itaulizwa leseni. Kwa hiyo inakusanya pesa kupitia namba za watu wa kawaida. Ukiingia kuweka pesa unaambiwa "tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Leo jina ni la mama wa Kahama, kesho ni la kijana wa Kibaigwa, keshokutwa ni langu mimi. Hao wenye namba wanapatikanaje? Ni wachezaji walioliwa. Mdogo wangu alipomaliza pesa za dawa na kuanza kulalamika kwenye lile kundi, mtu alimfuata pembeni akamwambia kwa huruma kubwa: pole sana, tutakurudishia kidogo kidogo, wewe tupe namba yako, uwe unapokea pesa za wachezaji, ubaki na asilimia tano, zinazobaki unatuma tunakokuelekeza. Akaona ni kazi. Alimwambia hata mama kwamba amepata kazi ya mtandaoni.

Hapo ndipo alipoacha kuwa mchezaji mbele ya sheria. Amekuwa mkusanyaji wa pesa wa biashara isiyo na leseni. Baya zaidi, kwenye bomba hilohilo hazipiti pesa za kasino tu. Matapeli wa ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" wanalitumia pia. Mama wa Manyoni hajawahi kucheza kamari maishani mwake. Alipigiwa simu na mtu aliyejifanya mtumishi wa hospitali akaambiwa mwanawe amepata ajali, akatuma 350,000. Zikaingia kwenye laini yenye jina langu.

Tunayo sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu, Sura ya 423. Aliyehamisha pesa zilizotokana na uhalifu anaguswa akiwa anajua, na anaguswa pia akiwa alipaswa kujua. Kipande hicho cha "alipaswa kujua" ndicho kilichoniondolea usingizi. Kijana wa miaka ishirini na mbili anayepokea pesa kutoka kwa watu asiowajua, akaambiwa azitume haraka kwa watu asiowajua, akabakishiwa asilimia tano bila kuuza chochote, atasemaje kwamba hakuna kilichompa shaka? Na kesi ya utakatishaji fedha kila Mtanzania anayefuatilia habari anaijua, kwa sababu kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zile ambazo mshitakiwa hukaa rumande bila dhamana akisubiri upelelezi ukamilike.

Kwa hiyo nikirudi kwa yule kijana wa bodaboda anayeniuliza kama mchezaji anafungwa: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha inamkamata anayeendesha bila leseni, na humo ndimo ulimo uzito wake. Usijifariji nayo. Mchezaji wa kasino ya aina hii haendi mbali kabla hajaombwa kitu kinachomhamisha upande. Ataombwa namba yake. Ataombwa akaunti yake ya benki. Ataombwa alete marafiki watano kwa kamisheni, na hao marafiki wakiliwa, watakayemtaja polisi ni yeye, kwa sababu ndiye wanayemfahamu kwa sura na kwa nyumba.

Halafu kuna pesa yenyewe inatoka wapi. Dodoma ni mji wa watumishi na wanafunzi, na nimeona mengi kwenye kaunta yangu. Nimemwona mtu mzima, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, akituma kwa siku moja pesa ambazo baadaye ilijulikana ni masurufu ya safari ya wenzake. Masurufu, makusanyo ya ofisi, mchango wa msiba, mfuko wa kikoba: ukizipeleka huko, jina la kosa linabadilika kabisa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina makosa ya wizi wa mtumishi na wizi wa wakala yakiwa yametajwa peke yake, na kwa fedha za umma kuna ubadhirifu kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ndio wenyewe. Mahakama haitauliza kama kasino ilikuwa na leseni. Hata ukisema ulikusudia kurudisha Jumatatu, pesa haikuwa yako Ijumaa ulipoituma. Nawaambia hili hasa wahazini wa vikoba, mama zangu na dada zangu, kwa sababu simu yenye pesa ya kikundi mara nyingi inalala nyumbani ikiwa na vijana ndani na namba ya siri inajulikana na kila mtu.

Na wengine hukopa. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, au programu za mikopo za kwenye simu ambazo zikikudai zinawatumia ujumbe watu wote kwenye orodha yako ya majina. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mtu anakopa kwa asiye na leseni ili acheze kwa asiye na leseni, na pande zote mbili wameshika picha ya kitambulisho chake.

Picha ile ya kitambulisho usiidharau. Watu wanalilia laki mbili iliyoliwa wanasahau kwamba wamemwachia mtu asiyejulikana jina lao, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na sura yao wakiwa wameshika kadi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo kwa ajili ya anayetumia taarifa zako vibaya, lakini ukizipeleka mwenyewe kwa kampuni isiyo na anwani nchini, kuzifuatilia ni kazi nzito. Fanya linalowezekana leo: piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe, na uombe uthibitisho. Mimi nilikuwa nawafundisha wateja menyu hiyo kila siku. Laini ya mdogo wangu ilikuwepo kwenye orodha yangu muda wote, nami nilikuwa nikiiona naiacha, kwa sababu ni ya mdogo wangu. Kama unayo laini uliyomsajilia mtu, ndugu, mpenzi, mfanyakazi wa ndani, yeyote, ihamishe iwe kwa jina lake wiki hii. Polisi wanaanza na jina linalotokea kwenye mfumo. Mapenzi ya ndugu hayaandikwi humo.

Kuna mawili nitayapita haraka. Ukiambiwa uweke VPN, programu ya kuficha uko nchi gani, ili kasino ifunguke, hilo lenyewe linakuambia kasino haitakiwi ionekane hapa. Na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa, kwa hiyo unajiongezea swali la kujibu. Ukiambiwa ulipe kwa sarafu za kidijitali, kumbuka Benki Kuu ilionya tangu Novemba 2019 kwamba si fedha halali nchini, na ukishatuma huko hakuna huduma kwa wateja ya kuipigia simu irudishe muamala.

Wanaonisoma wakiwa masomoni nje, msibebe sheria ya nyumbani kwenda nayo. Ujerumani kushiriki tu mchezo wa kamari usio halali ni kosa la jinai kwa mchezaji mwenyewe, faini au kifungo kisichozidi miezi 6. Singapore, kwa sheria ya mwaka 2022, anayecheza kwa mwendeshaji asiyeruhusiwa anaweza kutozwa hadi dola 10,000 za huko, au jela hadi miezi 6, au vyote viwili. Australia sheria yao ya mwaka 2001 inawalenga waendeshaji. Kila nchi na yake.

Nirudi kituoni, maana kuna jambo ningetamani mtu angeniambia kabla sijaingia. Ukiitwa, uliza maelezo unayotakiwa kutoa ni ya namna gani: ya mlalamikaji, ya shahidi, au ya onyo. Maelezo ya onyo huchukuliwa kwa mtuhumiwa, na yanaweza kusomwa mahakamani dhidi yako. Una haki ya kuelezwa kosa unalotuhumiwa, na haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Mimi niliomba kumpigia mjomba, na afande akaniruhusu bila ubishi. Mjomba akamtafuta msaidizi wa kisheria. Wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na hapa Dodoma ndipo kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilipozinduliwa Aprili 2023, kwa hiyo uliza kwenye ofisi ya kata au ustawi wa jamii utaelekezwa. Soma ulichoandikiwa kabla ya kusaini. Na dhamana ya polisi haina bei. Anayekuomba hela ya dhamana anakuomba kitu kingine.

Usifute chochote kwenye simu. Mdogo wangu, alipojua nimeitwa, alifuta lile kundi la Telegram kwa hofu. Humo ndimo mlikuwa na ushahidi kwamba alielekezwa na nani, namba gani, siku gani. Tulibaki na picha chache tu alizokuwa amemtumia rafiki yake. Kama umeliwa leo, piga picha ya skrini kila kitu: anwani ya tovuti, mazungumzo, namba, majina yaliyotokea ulipotuma, muda. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako hapohapo, kwa sababu pesa ikiwa haijatolewa inaweza kuzuiwa. Ujumbe na namba ya tapeli peleka 15040. Kisha kituoni, na usiondoke bila namba ya RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyotoa polisi.

Jioni ile nilimtaja. Nilisema laini ni yangu kwa usajili, anayeitumia ni mdogo wangu, na nitamleta mwenyewe. Nilimkuta nyumbani amekaa kwenye ndoo nyuma ya jiko, ameshajua. Akaniambia, "Dada, nisamehe, sikujua kama ni wewe watakuita." Mama akawa anatuangalia bila kuuliza. Kesho yake asubuhi tulikwenda watatu, yeye, mjomba na mimi, na alieleza yote mwenyewe.

Baba aliuza mbuzi wanne kwenye mnada wa Msalato, tukamrudishia mama wa Manyoni 350,000 yake kupitia kituoni, kwa maandishi. Tulishauriwa kufanya hivyo kwa uwazi, wala si kumtumia kimyakimya kwenye simu. Kurudisha hakujafuta jalada. Mimi sasa nimeandikwa shahidi. Yeye yuko nje kwa dhamana na anaripoti kila baada ya wiki mbili. Mavuno ya mwezi wa nane yalikuwa nusu ya kawaida, kwa sababu ubwiri ulipiga kona yote ya chini ya shamba.

Wiki iliyopita amekuja kibandani mwanafunzi, anataka kutuma 120,000, yote aliyobakiwa nayo kwenye boom, pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Nikaandika namba, jina likaja la mwanamke. Nikamuuliza, "Huyu unamfahamu?" Akasema hapana, ni wa malipo ya kodi, akilipa atapewa laki nane yake. Nikaweka simu chini. Nikamwomba akae kwenye benchi, nikamwonyesha orodha ya Bodi, tukatafuta jina pamoja mara tatu, kwa herufi kubwa na ndogo, hatukuliona. Alikuwa ameshatuma 75,000 juzi yake, kwa wakala mwingine. Tumekwenda naye kituoni, amepata RB. Yule mwanamke ambaye jina lake lilitokea, nimeendelea kumuwaza. Huenda na yeye ana mdogo wake.